Safari ya Mwaka Mpya si Anasa

Kila mwaka, Desemba ikishaingia wiki yake ya pili, Kituo cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi Luis, Dar es Salaam, hujaa watu na mizigo tangu alfajiri hadi usiku. Wengine waenda Moshi na Rombo, wengine Bukoba, wengine Songea. Na wengi ni watu wa Nyanda za Juu Kusini, wa Njombe, wa Mbozi, wa Kyela, na hawa ambao leo twataka kuwazungumzia, watu wa Rungwe. Wapiga debe huwaita kwa jina la Mbeya au la Tukuyu. Lakini wao wenyewe, ukiwauliza waendako, watakutajia Kisiba, Masoko, Katumba au Kiwira. Wanakwenda kuufunga mwaka kwao na kuufungua mwingine.

Wako watu wanaoitazama safari hii kwa dharau. Husema kwamba ni anasa ya maskini, kwamba mfanyakazi hutumia kwa siku kumi alichokichuma kwa miezi kumi, na kwamba ingekuwa heri akae mjini, atume fedha kwa simu, na mambo yakaisha. Sisi twasema kwamba hesabu hiyo ni ya mtu anayemwona mfanyakazi kuwa mikono tu. Kwenda nyumbani mwisho wa mwaka ni haki ya mtu anayefanya kazi mbali na wazazi wake, na haki hiyo ina maadui watatu: nauli isiyofuata sheria, mwajiri asiyetaka kutoa likizo, na majivuno yetu wenyewe. Yafaa tuwataje wote watatu bila kumwonea haya hata mmoja.

Kabla ya hapo tutazame wenzetu. Huko Vietnam, nchi ambayo imekuwa na uhusiano wa kibalozi nasi tangu mwaka 1965, na yenye watu wapatao milioni 100, mwaka mpya mkubwa si ule wa Januari mosi. Ni ule wa kalenda ya mwezi, unaoitwa Tết, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na siku za Februari. Mwaka 2024 ulianza tarehe 10 Februari. Mwaka 2025 ulianza tarehe 29 Januari. Kwa sikukuu hiyo taifa zima hufunga mizigo. Vijana waliokwenda kutafuta kazi katika viwanda vya Bình Dương, Đồng Nai na jiji la Hồ Chí Minh hurudi katika mikoa ya kati na ya kaskazini walikozaliwa. Reli yao ya kutoka Hanoi hadi Sài Gòn ina urefu wa kilometa 1,726, na msafiri hukaa garini zaidi ya saa 30. Hata hivyo tiketi za majira hayo huanza kuuzwa miezi kadhaa mbele, na watu huzigombania.

Wanafuata nini? Wanafuata mambo ambayo mzee yeyote wa Kisiba angeyaelewa bila mkalimani. Siku ya 23 ya mwezi wa 12, kila nyumba huwaaga wazimu wa jikoni, ambao yaaminiwa hupanda mbinguni wakiwa juu ya samaki ili kutoa habari za nyumba hiyo kwa mwaka mzima. Makaburi ya wazee husafishwa. Madeni hulipwa, kwa maana ni nuksi kuuvuka mwaka ukiwa na deni la mtu. Nyumba hufagiliwa kabla ya mwaka kuingia, kwa sababu siku ya kwanza hakuna anayeshika ufagio, asije akaifagilia nje bahati. Usiku wa mwisho wazee waliokufa hukaribishwa mezani pamoja na walio hai. Asubuhi mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti huchaguliwa kwa uangalifu, mtu mwenye tabia njema na mwaka mzuri nyuma yake, kwa sababu yasemwa kwamba mwaka wote utafuata nyayo zake. Watoto hupewa fedha kidogo ndani ya bahasha nyekundu. Siku ya kwanza huwa ya upande wa baba, ya pili ya upande wa mama, na ya tatu ya mwalimu. Hebu tulitafakari hilo la tatu: taifa lililompangia mwalimu siku yake katika sikukuu kubwa kuliko zote!

Na chakula chao? Kaskazini hupika andazi la mraba la mchele wa kunata, pamoja na choroko na nyama ya nguruwe, lililofungwa kwa majani na kuchemshwa kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, huku jamaa wakiuzunguka moto na kuzungumza. Kusini hulifunga duara refu kama gogo, kwa majani ya mgomba. Watu wa Rungwe, ambao mgomba ni mama yao, hawahitaji kuelezwa kwamba chakula cha namna hiyo hakiwezi kutumwa kwa simu. Thamani yake iko katika usiku ule wa kukaa motoni pamoja.

Wala hatuna haja ya kwenda Asia ili tuone hekima hii. Kule Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kila mwezi wa Julai watu husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa makuti ya migomba, na katika kupigana huko huzitoa chuki za mwaka uliokwisha; kibanda cha makuti huchomwa moto; kisha watu hula pamoja, na mgeni hukaribishwa kwa moyo wote. Watu wa Makunduchi waliotawanyika mjini na bara hurudi kwao kwa siku hiyo. Vivyo hivyo Wachaga, ambao safari yao ya Desemba kwenda Kilimanjaro imekwisha kuwa hadithi ya nchi nzima. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba jambo hili ni ushamba wa kabila moja. Ni desturi ya binadamu wanaofanya kazi mbali.

Sasa tuje Kisiba. Ni kata ya wilaya ya Rungwe, katika nchi ya maziwa madogo yaliyokaa ndani ya vinywa vya volkano za kale. Ziwa Kisiba ni mojawapo. Ni nchi ya mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kwa sababu hiyo migomba, chai, maparachichi na maharage hustawi. Lakini ardhi yenye rutuba huwa na watu wengi, na watu wengi huifanya ardhi kuwa ndogo. Ndiyo maana vijana wa Rungwe wamekuwa wasafiri kwa muda wa karne nzima. Katika miaka ya 1920 na 1930 babu zetu walikwenda kwa miguu hadi machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya. Wengine walivuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine waliandikishwa na WENELA na kupelekwa katika migodi ya Afrika Kusini, biashara ya nguvu za watu ambayo Tanganyika ilikuja kuikomesha baada ya uhuru wa mwaka 1961. Leo wajukuu wao wako Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Mwanza: walinzi, makuli, wauguzi, walimu, mafundi, wasichana wa kazi za nyumbani, wauza maduka. Machimbo yamebadilika, lakini kijana angali yuko mbali na kwao.

Tena Wanyakyusa walikuwa na jambo lao ambalo wageni walilistaajabia. Mtaalamu wa mila Monica Wilson, aliyekaa nao katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu mwaka 1951, alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe, wakala pamoja na kukaa pamoja hata uzeeni. Aliona kwamba tunu kubwa ya maisha yao ilikuwa ukwangala, yaani kukaa na wenzako katika mazungumzo na furaha, kwa adabu na kwa kula sahani moja. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Vijiji vile vya rika vimepita, lakini ukwangala haujapita. Kijana anayeshuka kutoka Tukuyu kuelekea Kisiba akiwa juu ya bodaboda, amepakata begi lake, matope yakimrukia, hafuati mbalaga ya mama yake peke yake. Anafuata kuulizwa "Ugonile?" na watu wanaomjua yeye ni mtoto wa nani. Mjini, kwa miezi 11, ameitwa "wewe mlinzi" au "dada wa kazi". Nyumbani ana jina. Je, hiyo ni anasa?

Adui wa kwanza, tulisema, ni nauli. Sheria ipo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, ndiyo inayopanga kiwango cha juu. Katika viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, abiria wa basi la daraja la kawaida la masafa marefu aliwekewa shilingi 48.47 kwa kilometa, kutoka shilingi 41.29 za hapo kabla. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilometa zipatazo 830. Zidisha, utapata kiasi cha shilingi 40,000. Sasa mchukue mfanyakazi anayepata shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwenda na kurudi ni shilingi 80,000 kwa kiwango hicho cha sheria. Akiwa na mkewe ni 160,000, kabla hawajafika Tukuyu, kabla ya sukari ya mama na kitenge cha shangazi. Akitokea mlanguzi wa tiketi akapandisha kiti kimoja hadi shilingi 70,000, safari ya wawili itakuwa 280,000, yaani mshahara wa mwezi mzima na deni juu yake. Huyo mlanguzi hakuongeza hata gurudumu moja katika basi lile. Alichofanya ni kununua hamu ya mtu ya kumwona mama yake, kisha akamwuzia mwenyewe kwa faida. Zamani watu wa namna hiyo tuliwaita kupe, na hatuoni sababu ya kuwabadilishia jina.

Twajua kwamba katika majira haya mamlaka hutoa vibali vya muda ili magari ya njia nyingine yasaidie njia zenye abiria wengi. Ni jambo jema. Twajua pia kwamba mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Nalo limepunguza msongamano. Lakini kila kibali ni roho za watu. Njia yetu hupita katikati ya mbuga ya Mikumi ambamo wanyama huvuka barabara. Hupanda mlima Kitonga ambao kila dereva wa nchi hii anaujua. Na kutoka Uyole kuelekea Tukuyu kuna kona, ukungu na mvua. Gari lililozoea barabara tambarare za mjini lisipelekwe huko kabla breki zake hazijakaguliwa kwa mkono na kwa jicho. Dereva wa pili awe dereva kweli, asiwe jina katika karatasi. Na abiria asikalishwe juu ya ndoo katikati ya viti. Wenzetu wa Vietnam, walipoona ajali za Tết zinawamaliza vijana wao, walipitisha sheria mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, kwamba dereva asiwe na kilevi hata kidogo katika damu yake. Hata chembe! Taifa lililoamua hivyo halikuichukia furaha ya sikukuu. Lilitaka watu waifikie sikukuu wakiwa hai.

Adui wa pili ni mwajiri asiyetaka kutoa likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, kwa malipo. Haisemi kwamba likizo ni zawadi ya bosi mwenye moyo mzuri. Lakini ni wangapi wanaoambiwa kila Desemba kwamba kazi ni nyingi, waje Machi, na ikifika Machi huambiwa wangoje Juni? Twakiri kwamba si wote wanaoweza kuondoka siku moja. Hospitali haifungwi, umeme hauzimwi, mzigo bandarini haungoji. Muuguzi na mlinzi watabaki, na taifa liwashukuru. Lakini haki yaweza kupangwa kwa zamu: aliyebaki mwaka huu awe wa kwanza kuondoka mwaka ujao, na orodha ibandikwe ukutani mapema, Oktoba, kila mtu aione. Na mshahara wa Desemba ulipwe mapema, si jioni ya mkesha wa Krismasi wakati tiketi za halali zimekwisha na zimebaki za mlanguzi.

Hapa twavigeukia vyama vya wafanyakazi. Huko Vietnam, ikikaribia Tết, chama cha wafanyakazi hukodi mabasi na mabehewa ya treni, na mara nyingine hata ndege, ili kuwarudisha makwao wafanyakazi wenye kipato kidogo, bure au kwa bei ndogo. Kisha huwarudisha kazini sikukuu ikiisha. Waajiri wao wengi nao hutoa bahshishi ya mwaka mpya, ambayo watu huiita mshahara wa mwezi wa 13. Sisi hatusemi kwamba kila jambo la huko liigwe kesho. Lakini twauliza: mfanyakazi wa kwetu hukatwa ada ya chama katika mshahara wake kila mwezi. Je, chama kisichoweza kufanya zaidi ya kugawa fulana za Mei Mosi hakiwezi kukodi mabasi kumi mwezi wa Septemba, kabla bei haijapanda, na kuwauzia wanachama wake viti kwa nauli ya sheria? Hilo halihitaji mkutano wa kimataifa. Linahitaji katibu mwenye kalamu, orodha ya majina na mkataba na mwenye mabasi.

Tena tunayo reli. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo hupita Mbeya. Wananchi waliiita Reli ya Uhuru, na watu wengi wa Rungwe walikwenda kwao kwayo, na ndizi zao wakarudi nazo. Kwa miaka mingi imesuasua. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua. Mwaka huohuo treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na wananchi waliipokea kwa furaha. Twaomba kwamba katika kuifufua TAZARA watu wasihesabu shaba peke yake. Behewa la abiria wa daraja la tatu mwezi wa Desemba ni sehemu ya uhuru ule ule uliojengewa reli.

Adui wa tatu ni majivuno yetu, na kwa huyu hatuna wa kumshtaki polisi. Kuna kijana anayekopa mkopo wa kausha damu ili afike Kisiba na simu mpya na viatu vyeupe, awanyweshe rika zake kwa siku tatu, kisha Januari watoto wake wakose sare na madaftari. Huyo hakwenda nyumbani, alikwenda kujionyesha. Na kuna jamaa wa nyumbani wanaompokea mgeni kwa kutazama begi lake kabla ya uso wake, na aliyefika mikono mitupu humsimanga. Hao ndio wanaowafanya vijana wengine wakae mjini miaka mitano, sita, wakiona haya kurudi, mpaka wanarudishwa na msiba. Ndugu wa Kisiba, mwacheni mtoto arudi hata kama hana kitu. Ukwangala haukuwa na kiingilio. Wavietnam hulipa madeni kabla ya mwaka mpya. Sisi tusiuanze mwaka kwa kuyafanya.

Na wewe msafiri, fanya sehemu yako. Nunua tiketi mapema, na uitake iliyoandikwa nauli halisi uliyolipa. Ukitozwa zaidi usinung'unike kitini kwa saa 14; iandike namba ya gari, uipeleke LATRA au kwa askari wa usalama barabarani. Abiria 50 wakinyamaza, kondakta mmoja anakuwa mfalme. Dereva akikimbia kupita kiasi, msemezeni wote kwa pamoja. Ukifika, msalimie mwalimu aliyekufundisha kusoma, kama wafanyavyo wenzetu siku ile ya tatu. Kata majani kwenye makaburi ya wazee. Kaa na baba yako barazani mvua ikinyesha, mzungumze habari za shamba: nani alime upande gani, mipaka iko wapi, karatasi ziko kwa nani. Kesi nyingi za ardhi huzaliwa kwa sababu ndugu hawakukaa pamoja wakati mzee alipokuwa hai.

Twasema tena kwa waajiri, kwa wenye mabasi, kwa vyama na kwa mamlaka: mfanyakazi anayekwenda kwao mwisho wa mwaka haombi sadaka. Anaomba likizo ambayo ni yake, kiti alichokilipia, dereva mwenye macho, na nauli iliyoandikwa na sheria. Mambo hayo manne yanaweza kutimizwa kabla ya Desemba ijayo, na kazi ya kuyatimiza ianze sasa, kwa maana mabasi ya Desemba hukodiwa Septemba.